Akidi ya Bakora

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa karani wa vikao wa halmashauri ya mji wetu, mji mdogo wa pwani ambao sitautaja. Ukitoka Tanga kwa basi la Pangani, ukishaipita Tongoni, unaufikia na kuuacha kabla hujamaliza karanga zako. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya meza kuu, kusikiliza madiwani wakikatana maneno, kisha kuandika muhtasari ambao ndani yake wote walionekana watu wazima. Diwani akimwita mwenzake mwizi wa kokoto, mimi niliandika, "Mjumbe aliomba ufafanuzi kuhusu kokoto." Nilijivunia kazi hiyo kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Neno lililofika kwenye karatasi yangu lilipigwa muhuri na kubandikwa ubaoni. Lisilofika lilikufa palepale ukumbini.

Halmashauri yenyewe ilikuwa imefufuka juzijuzi tu. Serikali ilikuwa imezivunja halmashauri za miji, miaka ikapita, kisha ikazirudisha na kutuambia tuchague madiwani tena. Ukumbi tuliourithi haukuwa na viti, umeme ulikuja ukipenda, na gari la taka lilikaa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Karatasi hazikuwepo. Muhtasari wangu wa kwanza niliuchapa nyuma ya fomu kuukuu za shamba la mkonge, hivi kwamba ukiugeuza unakuta majina ya manamba na idadi ya mafungu waliyokata. Madiwani walijadili machinjio, mbuzi wanaozurura, vyoo vya sokoni na zamu za bomba. Wengine walicheka wakisema ile ni halmashauri ya mbuzi. Mimi sikucheka, maana niliona watu wazima wakitoka vijiji vya pembeni kwa miguu kuja kugombania bomba la mtaa wao, na sikujua serikali nyingine iliyofanya hivyo.

Diwani wa kata yetu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kupima katani kwenye mizani. Mrefu, mguu mmoja mzito, bakora ya mtobwe mkononi. Tulimchagua mara mbili. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kusimama, kusubiri mpaka ukumbi utulie, kusema sentensi mbili na kukaa. Katika muhtasari alinirahisishia maisha kuliko wote.

Lakini mimi nilikuwa na deni kwake ambalo halikuwa la kikao. Ile miaka ya dhiki, sabuni ikiwa ya foleni na sukari ya kibali, surua iliingia katani kwetu. Mtoto wangu wa pili, msichana, alikuwa na miezi mitano. Alifariki asubuhi, na ilipofika saa nne tulikuwa bado hatuna sanda. Msidhani natia chumvi. Kitambaa cheupe kilitolewa kwa kibali cha ofisi ya kata, na duka la ushirika siku hiyo lilikuwa na majembe na kiberiti tu. Diwani aliandika kibali, akakipeleka dukani mwenyewe, akarudi mikono mitupu. Kisha akaenda kwake na kurudi na bafta aliyoiweka ya kushonea kanzu ya Idi. Akampa mama yangu mlangoni, akasema, "Mkate itakayotosha, iliyobaki wekeni, maradhi hayajesha." Hakika hayakuwa yameisha. Bafta ile ilimalizika kabla ya mwezi kwisha, kwa watoto wa majirani.

Tuliwazika nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni, upande wa mikoko, mahali ambapo kata yetu imezika watoto wachanga tangu bibi zetu. Wakubwa walikuwa na makaburi yao juu, yenye kuta na vibao. Kwa watoto tuliweka jiwe la tumbawe kichwani na jingine miguuni, na mrehani ukipandwa ukashika, basi. Mgeni akipita anaona kiwanja chenye mawe na vichaka. Sisi hatukuhitaji kibao. Kila mwanamke alijua lake kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye mkwaju.

Sasa niieleze bakora, maana ndiko nilikokosea, na kosa lilianzia kwenye werevu wangu mwenyewe. Kikao cha halmashauri si halali mpaka wafike wajumbe wa kutosha, na hiyo ndiyo akidi. Yetu ilikuwa watu kumi. Usafiri ukiwa mgumu, mara nyingi walifika kumi kamili, na vikao vilianza baada ya chakula cha mchana. Alasiri ikiingia, wawili watatu wanatoka kwenda kuswali msikiti wa jirani, akidi inavunjika, afisa mmoja wa kutoka bara analalamika kwamba kanuni inataka tusimamishe kikao. Siku moja nilimnong'oneza mwenyekiti: kwa nini tusihesabu kwamba aliyeacha kitu chake kitini hajatoka? Anayeacha bakora au leso anarudi. Mwenyekiti alifurahi akalitangaza kama wazo lake. Tangu hapo mtu akienda kuswali aliacha kitu kwenye kiti, na mimi nilikihesabu pamoja na watu. Mbele ya kitu hicho wajumbe hawakupitisha jambo kubwa, walisogeza mazungumzo ya mbuzi mpaka wenzao warudi. Adabu hiyo hatukuiandika popote. Tulidhani inajulikana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Madukani vitu vikarudi: vitenge, redio, mitumba ya marobota, sabuni ya kila rangi. Sitawadanganya kwamba hatukufurahi. Lakini kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa, naye akawa anakaa barazani akitengeneza kiti kilekile kila wiki. Halmashauri nayo, iliyokuwa ikiulizwa habari ya mbuzi, sasa ikawa inaulizwa habari ya viwanja. Wafanyabiashara walipanda ngazi za ofisi yetu kuanzia asubuhi. Na ikasemekana kutoka juu kwamba watumishi wa halmashauri ni wengi mno, wapunguzwe, na orodha itaandikwa na mkurugenzi. Kila mmoja wetu akaanza kufika kazini mapema.

Ajenda ya saba ya kikao kile niliichapa mimi mwenyewe kutoka kwenye rasimu ya afisa ardhi, kijana mgeni aliyekuja na ramani yake. Ilisema: "Kugawa eneo la wazi nyuma ya kiwanda cha zamani kwa ujenzi wa ghala." Niliposoma "eneo la wazi" vidole vilisimama. Nilimweleza afisa kwamba pale pana makaburi. Akanionyesha ramani. Kwenye ramani hapakuwa na kitu. Nikachapa, kwa kuwa karani hachagui maneno ya ajenda, kisha nikapita kwa diwani wetu njiani kurudi nyumbani nikamwambia.

"Miye nitasema," akajibu. "Ikifika ya saba nitasimama. Weye usijitie, una watoto."

Siku ya kikao walikuja kumi barabara. Tulikuwa ajenda ya nne, ada za vibanda, wakati adhana ya alasiri ilipoita. Diwani wetu alitazama karatasi, akaona bado tatu, akaegemeza bakora kwenye kiti chake, akatoka akichechemea huku ameshika ukuta. Siku hiyo wengine waliahirisha, wakasema wataswali wakifika majumbani, kwa hiyo alikwenda peke yake. Mlango haujafungwa sawasawa, mkurugenzi akamwinamia mwenyekiti sikioni. Mwenyekiti akasema kwamba mgeni wa ajenda ya saba anangoja nje na ana safari ya Muheza, hivyo tuiruke hii tuimalize ile kwanza. Hakuna aliyepinga. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu, akanigeukia.

"Karani, akidi inatosha?"

Nilitazama viti. Watu tisa. Na bakora.

"Inatosha, Ndugu Mwenyekiti."

Nimeyarudia maneno hayo kwa sauti, peke yangu jikoni, mara nyingi kuliko nilivyorudia jina la mwanangu. Sikuyasema kwa ubaya. Niliyasema kwa mazoea, kama unavyoitika ukiitwa. Yalipokwisha kutoka ndipo nilipoelewa, na mwenyekiti alikuwa tayari anauliza nani anaafiki. Mikono tisa ilikwenda juu. Walikuwa madiwani wa kata nyingine, hawakujua mkwaju wetu wala hatua zetu. Mimi nilijua, na nilikaa na kalamu yangu. Karani haongei kikaoni asipoulizwa. Ndivyo nilivyojiambia, ingawa muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimeulizwa.

Diwani aliporudi, tulikuwa tumesharejea kwenye ada za vibanda. Akachukua bakora akakaa. Tulipofika ya sita, alianza kujiweka sawa kitini. Mwenyekiti akasema ya saba ilishapita, akafunga kikao. Mzee akabaki amesimama nusu, mkono juu ya meza, watu wakimpita kwenda mlangoni. Sikumngoja.

Kesho yake nilichapa: "Wajumbe wote kumi waliafiki." Juu yake, kwenye orodha ya waliohudhuria, jina lake lilikuwepo kwa sababu alikuwa ameweka saini kitabuni alipoingia. Nilijua kuandika vingine. Ningeweza kuandika kwamba mjumbe mmoja alikuwa nje. Lakini ningeandika hivyo, akidi ingekuwa tisa, na uamuzi wote ungekuwa si kitu. Nilikaa na mashine ile asubuhi nzima. Mume wangu alikuwa nyumbani na kiti chake, watoto watatu wazima walikuwa shuleni, orodha ilikuwa kwenye droo ya mkurugenzi. Nikajiambia maneno ambayo bado nayaonea haya: aliyekufa hali chakula. Nikapiga "wote".

Nakala ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kabla ya wiki kwisha, kata nzima ilikuwa imeisoma au imesomewa. Mzee alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba alikuwa msikitini. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi ubaoni kuona jina lake pale, na muhuri. Ile karatasi niliyoitengeneza mimi ilikuwa na nguvu kuliko mdomo wa mtu aliyewagawia bafta yake. Halafu, kama vile shetani alikuwa na zamu, mwezi uleule paa lake la makuti likavuliwa likawekwa bati. Bati lile alitumiwa na mkwewe wa Pemba, baada ya kuuza karafuu. Mimi nilijua, kwa kuwa barua ya mkwe ilipitia sanduku la posta la ofisi yetu na nilimsomea mwenyewe. Barazani walisema amekula. "Kala mpaka paa limeng'aa," jirani mmoja alinitania, akitegemea nicheke. Nilicheka kidogo.

Ilibaki nafasi moja. Muhtasari hauwi halali mpaka kikao kinachofuata kiuthibitishe, na hapo mjumbe yeyote anaweza kusema pameandikwa vibaya. Siku mbili kabla, mkurugenzi alinipitia mezani. Hakuwa mtu wa vitisho, alikuwa na sauti laini ya mtu anayeulizia afya. Akauliza watoto hawajambo. Akauliza shemeji amepata kazi. Kisha akasema, "Muhtasari wako siku zote hauna makosa, ndiyo maana jina lako sijaliandika popote." Akaenda zake.

Kikaoni, mwenyekiti aliposoma "kuthibitisha muhtasari", mzee alisimama akasubiri watu watulie kama kawaida yake.

"Ndugu Mwenyekiti, ukurasa wa tatu umeandikwa niliafiki. Sikuwepo. Nilikuwa naswali."

Mwenyekiti akanigeukia. "Karani, kitabu kinasemaje?"

"Kitabu kina saini yake, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Na bakora yake ilikuwepo kitini."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lilikuwa jambo la kuchekesha. Mmoja akasema basi bakora ndiyo iliyoafiki, tuiandikie posho. Hata mwenyekiti alitabasamu. Mzee alibaki amesimama mpaka kicheko kikaisha chenyewe, akakaa, na muhtasari ukathibitishwa.

Baadaye alinikuta kwenye ngazi. Nilimwamkia kwa sababu sikujua la kufanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akapumzisha mguu. "Miye sikuuliza habari ya bakora. Nilikuwa nauliza habari yangu."

Akashuka. Nilisimama pale mpaka mhudumu aliyekuwa akipiga deki akaniomba nipishe.

Halmashauri ilitoa siku saba kwa "wenye masalia" wayahamishe. Nilichapa tangazo hilo pia. Wapo waliojaribu. Lakini mtoto wa miezi mitano aliyezikwa miaka ile, kwenye mchanga wa chumvi, utahamisha nini? Mama mmoja alirudi na mawe yake mawili ya tumbawe kwenye ndoo, akayaweka uani kwake, na yapo mpaka leo. Mimi sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Vibarua wakachimba msingi, wakakusanya mawe yaliyokuwa yamelala pale, wakayatumia. Mwenye ghala nasikia hakujua. Alionyeshwa ramani ileile. Ukuta ulipanda, geti la chuma likawekwa, marobota ya mitumba yakaingia, na Alhamisi alasiri wanawake wa kata wakaanza kwenda kuweka mrehani chini ya ukuta kwa nje, kila mmoja akikisia hatua zake zingemfikisha wapi. Nilikuwa nakwenda nao. Niliweka wangu. Wao walimlaani diwani huku wakiupanga mrehani, taratibu, bila hasira, kama watu wanaohesabu nyuzi za tasbihi, na mimi nilikuwa katikati yao, na harufu ya ule mrehani nilirudi nayo nyumbani mikononi. Nilinawa, haikutoka. Mume wangu alisema hasikii kitu.

Uchaguzi ulipokuja alisimama tena. Sidhani alitaka udiwani. Nadhani alitaka kuona. Enzi hizo wagombea walipewa alama, jembe au nyumba, na yeye aliangukia nyumba. Kwenye mkutano wa kampeni, uwanja wa shule, alipoinua kibao chake chenye picha ya nyumba, mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma, "Nyumba ya nani, ya wanetu?" Hakuna aliyemkemea. Mzee alikishusha kile kibao akakaa. Alipata kura ambazo ungeweza kuzitaja kwa majina ya jamaa zake. Muhtasari wa kumkaribisha diwani mpya niliuandika mimi, kwa herufi safi kabisa.

Mimi mwenyewe nilidumu miaka miwili zaidi. Mkurugenzi yule alihamishwa, akaja mwingine na orodha yake, na jina langu likawemo. Nilipewa barua ya mistari minne. Niliisoma nikasahihisha kosa moja la chapa kwa kalamu, kwa mazoea, kabla sijaelewa kwamba ni yangu. Nikaanza kuuza maandazi mlangoni.

Kwa hiyo sasa nilimwona mzee kila siku. Alipita asubuhi akitoka msikitini, upande wa pili wa njia. Barazani watu walimjibu salamu kwa midomo tu. Mimi nilimwamkia, na yeye aliitikia marahaba yote, ndefu, akiniuliza na watoto. Laiti angenipita kimya. Kwenye harusi au kisomo nikiona kiti kimewekewa mkoba au mtandio kumshikia mtu nafasi, sikuweza kukaa karibu nacho. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa naingia chumba cha watu nahesabu waliopo na wasiokuwepo, na kila mara hesabu ilizidi kwa mmoja. Mara nyingi nilijitayarisha kumwambia mtu. Nilianza maneno na jirani yangu tuliyepakana naye ukuta, aliyewazika wawili kule, nikaishia kumuuliza bei ya unga.

Alifariki mwezi wa Shaabani, kwa homa ya siku tatu. Msikiti wa mtaa uko mkabala na nyumba yake, kwa hiyo sisi wanawake tuliokaa chumbani na mjane tulisikia yote dirishani. Wanaume walimswalia uani mwa msikiti. Hawakuwa wachache. Kwetu mtu haachi maziko kwa sababu ya chuki. Swala ilipokwisha, sheikh akawageukia, kama inavyofanywa kwa kila maiti, akauliza, "Mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu?"

Kwetu jibu la swali hilo hutoka kwa pamoja, hata kwa mlevi, hata kwa mtu aliyedhulumu yatima. Watu husema "mtu mwema" na Mungu huachiwa yaliyobaki. Siku ile hapakutoka kitu. Nilisikia kunguru juu ya bati. Sheikh akauliza mara ya pili. Sauti tatu nne zikajibu, za wanawe na za mkwe wa Pemba. Mara ya tatu hakuuliza. Nikasikia miguu ya watu wakiinua jeneza.

Mjane alikuwa ameshika mkono wangu. Hakuubana wala hakuuachia. Dirisha lilikuwa wazi, ningeweza kusimama nikasema, na sauti yangu ingefika, kwa sababu uani palikuwa kimya kiasi hicho. Sikusimama. Hiyo ilikuwa mara ya tatu niliyoulizwa.

Nilingoja eda iishe, miezi minne na siku kumi, nikaenda kwake asubuhi. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, kuanzia kunong'oneza kwa mwenyekiti mpaka dirishani. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, maana yeye hakuwa analia. Alimaliza ungo wake.

"N'najua," akasema. "Alinambia siku ileile. Akanambia usimtete msichana wa watu, ana watoto."

Nikamwomba radhi.

"Miye sina la kukusamehe. Miye sikuwahi kumdhania." Akauweka ungo chini. "Kawaambie waliomdhania."

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya maji mtaani kwetu. Bomba lilifunguliwa saa mbili, na walikuwepo karibu wote niliowahi kwenda nao ukutani, ndoo zimepangwa, wenyewe wamekaa kwenye kivuli cha ofisi ya kata. Nilisimama mbele yao. Nilikuwa nimeandika karatasi, kwa mazoea ya kazi, nikaiacha mfukoni. Nikasema kwamba mzee hakuafiki. Kwamba alikuwa msikitini kama alivyosema. Kwamba akidi ilikuwa tisa, na nilipoulizwa nilisema inatosha, na aliposimama kudai haki yake mimi ndiye niliyewachekesha watu. Kwamba ningeandika neno moja tofauti, ukuta ule usingejengwa. Kwamba bati lilitoka Pemba.

Sikuwa nimewahi kuongea mbele ya kundi kwa muda mrefu hivyo. Nilimaliza. Maji yalijaa ndoo ya kwanza yakaanza kumwagika, na hakuna aliyekwenda kuyafunga.

Jirani yangu wa ukutani ndiye aliyeuliza. "Na wako yumo mle?"

"Na wangu yumo," nikasema.

Akanitazama. Alikuwa mwanamke wa vichekesho, nilizoea uso wake ukiwa na neno linalongoja. Aliinuka, akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mtu mwema," akasema. Hakuwa anasema nami. Alikuwa ameelekea upande wa msikiti.

Aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mtu mwema." Kisha yule wa mawe ya kwenye ndoo. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za kawaida, mpaka waliokuwa pale wote wakawa wamesema. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja, na wote walikuwepo.

Mimi nilifungua mdomo nami niseme. Jirani yangu akanyanyua mkono wake, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse chungu cha moto, nikafunga mdomo. Wakatwika ndoo zao, zilizojaa na zisizojaa, wakashika njia. Wamepita miaka mingi mlangoni kwangu tangu siku hiyo, na maandazi wanatuma wengine kuwanunulia.